Suruali ya Mbunge wa Momba

Juni 1, 2021, bungeni Dodoma, mbunge wa Nyang'hwale, Hussein Amar, alisimama kuomba mwongozo wa Spika. Alikuwa akilalamikia mavazi ya mbunge mwenzake, Condester Sichalwe, aliyevaa suruali nyeusi na blauzi ya njano. Spika Job Ndugai akamwambia atoke, akavae vizuri ndipo arudi. Sichalwe akainuka, akatoka. Wabunge wanawake walitaka aombwe radhi.

Sichalwe aligombea jimbo la Momba mwaka 2020 akashinda. Wakulima wa mpunga wa Kamsamba, kule bonde la Ziwa Rukwa, walikuwa miongoni mwa watu aliowasemea. Alipotoka, sauti yao ilitoka naye. Nani huingia barazani akiwa raia tu, na nani huanza kwa kukaguliwa mwili?

Swali hilo ni la zamani. Mwaka 1762 mwanafalsafa Rousseau alitoa vitabu viwili. Kimoja kilitetea uhuru wa raia waliofunga mkataba wa kuunda jamii. Kingine, *Émile*, kilitaka msichana alelewe ili ampendeze mwanamume. Mwananadharia wa siasa Carole Pateman, katika kitabu chake cha mwaka 1988, alikataa kuuona mgongano huo kama kupitiwa kwa mwandishi. Kwake, waliodhaniwa kufunga mkataba walikuwa wanaume wenye mamlaka juu ya wake zao, na uhuru wao ulisimama juu ya utii wa wake hao. Mwanamke akikaribishwa barazani baadaye, macho yaliyozoea kumwangalia nyumbani humfuata hadi kitini.

Wapo wanaosema kanuni za staha zinawahusu wabunge wote, na ni kweli. Lakini siku ile aliyekerwa alibaki kitini, aliyekuwa amekaa kimya akatolewa. Naona hilo ni dhuluma.

Mwanafalsafa Susan Moller Okin, mwaka 1989, alilipeleka swali la haki mpaka jikoni, kwenye kazi za nyumbani. Nchini mwetu Tanzania sheria inataka wanawake wasipungue robo ya wajumbe wa halmashauri ya kijiji, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi. Sheria hizo ni nzuri. Ila mjumbe mwanamke aliyeshinda shambani akipalilia, akirudi anasubiriwa na ndoo, kuni na watoto wenye njaa. Mkutano ukiitwa jioni, anafika mashamba yameshagawiwa, anaonyeshwa pa kutia sahihi.