Usifagie Vioo Kwanza: Somo la Upelelezi Linalomhusu Kila Mwenye Stoo Mpakani

Saa kumi na moja alfajiri simu inaita. Ni mlinzi wa duka la jirani: kufuli la stoo yako limekatwa, dirisha la nyuma limevunjwa, na marobota ya vitenge uliyoyapokea jana hayapo. Unatoka mbio. Ndani ya nusu saa wamefika watu wasiopungua ishirini: majirani, wachukuzi, waendesha bodaboda, kiongozi wa soko. Kila mmoja anaingia kujionea. Mmoja anaokota kufuli na kuligeuzageuza mkononi. Mwingine anashika ufagio ili vioo visije vikamkata mtoto. "Pole sana, mama," wanakwambia, na wanasema kwa moyo safi. Polisi wanapofika saa tatu asubuhi wanakuta stoo imefagiliwa, inang'aa.

Tukio hili ni la kufikirika, lakini mfanyabiashara wa Busia, Namanga, Mutukula au Rusumo hahitaji kuelezwa zaidi ili alione. Kilichopotea hapo si vitenge pekee. Imepotea pia nafasi ya kumtambua aliyevichukua, na walioipoteza ni watu waliokuja kusaidia.

Somo la kukagua na kuandika eneo la tukio, analofundishwa mwanafunzi wa upelelezi popote duniani, linaanzia hapo hapo kwenye ufagio. Ni somo la askari, lakini askari si mtu wa kwanza kufika kwenye stoo iliyovunjwa. Wa kwanza ni mwenye mali na majirani zake. Ndiyo maana wanaoishi kwa kuvusha mizigo wana sababu ya kulijua.

Kila anayeingia huacha kitu

Mwaka 1909, Rodolphe Archibald Reiss, mkemia aliyebobea katika upigaji picha, alianzisha shule ya upelelezi wa kisayansi katika Chuo Kikuu cha Lausanne, Uswisi. Mwaka uliofuata, mjini Lyon, Ufaransa, Edmond Locard alipewa vyumba viwili vya darini katika jengo la mahakama, akaanzisha humo maabara ya polisi. Kutoka kwa Locard ilienea kanuni ambayo wanafunzi wa upelelezi hukaririshwa hadi leo: anayeingia mahali huacha kitu chake na huondoka na kitu cha pale.

Kwa lugha ya sokoni, mwizi haingii ghalani bila kulipa. Ataacha alama ya kidole kwenye kioo, unyayo kwenye vumbi, au rangi ya mtaimbo kwenye fremu ya mlango. Ataondoka na nyuzi za gunia kwenye nguo, unga kwenye viatu, au vipande vidogo vya kioo kwenye mikunjo ya suruali.

Tatizo ni kwamba kanuni hiyo haibagui. Majirani ishirini nao huacha na kubeba. Unyayo mmoja wa mgeni ulikuwa ushahidi. Ukiwa katikati ya nyayo za watu ishirini na moja, ni tope tu.

Kufundishwa kutazama

Watu wengi hudhani mwanafunzi wa upelelezi huanza kwa kujifunza mashine. Kwa kweli huanza kwa kujifunza kutazama, na hilo ni gumu kuliko linavyosikika.

Aliyelionyesha hilo vizuri zaidi ni mwanamke wa Marekani, Frances Glessner Lee, aliyezaliwa mwaka 1878 katika familia iliyotajirika kwa mashine za kilimo. Kwa fedha zake alikisaidia Chuo Kikuu cha Harvard kupata idara ya tiba ya kisheria mwaka 1931, na mwaka 1943 Polisi wa Jimbo la New Hampshire walimpa cheo cha kapteni akiwa na umri wa miaka 65. Aliona askari wakiharibu maeneo ya vifo kwa haraka na kutojua, na haiwezekani kulipeleka darasa zima kwenye nyumba ya msiba. Hivyo akatengeneza nyumba za wanasesere.

Kila kijumba kilikuwa eneo la tukio kamili, dogo mara 12 kuliko kitu halisi. Milango ilifunguka, vitasa vilizunguka, na soksi za wanasesere alizifuma mwenyewe kwa pini. Ndani yake mlikuwa na mtu aliyekufa na dalili zilizotawanyika: kalenda ukutani, chakula jikoni, kiti kilichoanguka. Wanafunzi walipewa dakika 90 kutazama na kuandika. Hawakutakiwa kukimbilia kumtaja muuaji. Walitakiwa kutaja kilichopo. Vijumba 18 vingali Baltimore, katika jimbo la Maryland, na vimeendelea kutumika kufundishia.

Kosa la mwanafunzi mpya ni lile lile la majirani pale stoo: kuamua kabla ya kuona. Akishaambiwa "huyu ni mlinzi tu aliyewafungulia", jicho lake litatafuta dalili za mlinzi peke yake. Hataona kwamba vioo vya dirisha vimeangukia ndani, wala kwamba utando wa buibui kwenye kona ya mlango wa pembeni haujakatika, maana yake mlango huo haukupitwa usiku ule.

Andika kabla ya kugusa

Baada ya kutazama huja kazi ya kuandika, na kazi hiyo ina utaratibu usiorukwa. Kwanza ni uhai: kama kuna majeruhi, anahudumiwa, hata kama ushahidi utaharibika. Kisha eneo linazungushiwa utepe, na linazungushiwa kwa upana kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu ni rahisi kulipunguza baadaye kuliko kulipanua baada ya watu kukanyaga. Njia ya kuingilia inakuwa moja. Anayeingia anaandikwa jina na saa, hata kama ni mkubwa wa kituo.

Halafu picha, kwa umbali wa aina tatu. Ya kwanza inaonyesha stoo nzima kutoka kila kona. Ya pili inaonyesha kitu na jirani zake, kwa mfano kufuli lilipo kati ya mlango na mfereji. Ya tatu ni ya karibu, mara moja bila rula na mara moja ikiwa na rula pembeni, ili ukubwa ujulikane. Picha ya karibu pekee haina maana: kufuli lililojaa kwenye fremu laweza kuwa kufuli la mtaa wowote.

Picha haitoshi, kwa sababu kamera hudanganya umbali. Mwanafunzi huchora mchoro, akionyesha kaskazini iko wapi, na kila kitu hupimwa kutoka sehemu mbili zisizohama, kama kona ya ukuta na nguzo ya mlango. Kwa vipimo hivyo viwili mtu mwingine anaweza, miaka miwili baadaye, kukirudisha kitu kwenye ramani mahali pake.

Ndipo vitu vinaokotwa, na hapa ndipo makosa madogo huua kesi kubwa. Nguo yenye damu mbichi haiwekwi kwenye mfuko wa plastiki, kwa sababu unyevu huleta ukungu na vinasaba huoza. Hukaushwa na kuwekwa kwenye karatasi. Mtaimbo unaoshukiwa haujaribishwi kwenye alama ya mlango kuona kama unaingia, kwa sababu ukishauingiza umetengeneza alama mpya. Mnyororo uliokatwa huhifadhiwa mzima, na mpelelezi akilazimika kuukata tena ili autoe, huweka alama kwenye pingili aliyoikata yeye ili isichanganywe na ya mwizi. Kila kielelezo hupata bahasha yake, lebo yenye tarehe, saa, mahali na jina la aliyekichukua, kisha lakiri yenye sahihi juu yake.

Karatasi ndiyo inayovuka mpaka

Kwa mfanyabiashara wa ndani ya nchi moja, hayo yote ni muhimu. Kwa wa mpakani, ni karibu kila kitu.

Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza tarehe 1 Julai 2010, na bidhaa zimepata wepesi wa kuvuka. Mamlaka ya polisi hayakuvuka nazo. Stoo ikivunjwa upande mmoja na marobota yakakamatwa upande wa pili, kuna nchi mbili, vituo viwili na sheria mbili. Wakuu wa polisi wa ukanda huu wana umoja wao, EAPCCO, tangu 1998, na sekretarieti yake iko Nairobi pamoja na ofisi ya kanda ya Interpol. Ushahidi wa mahakamani una njia yake ya kiserikali: Tanzania ina sheria ya kusaidiana katika masuala ya jinai ya mwaka 1991, na Kenya ina yake ya mwaka 2011.

Lakini kupitia njia hizo hakipiti kile jirani alichokiona kwa macho. Hakimu wa upande wa pili hatakuja kusimama kwenye stoo yako. Atapokea picha, mchoro, bahasha yenye lakiri na orodha ya mikono iliyopitia.

Orodha hiyo si urasimu mtupu. Katika rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilieleza kwamba mnyororo wa utunzaji wa kielelezo ni kumbukumbu ya maandishi, kwa mfuatano wa wakati, tangu kinakamatwa, kinavyohifadhiwa, kinavyohamishwa, kinavyochunguzwa hadi mwisho wake. Maamuzi ya baadaye yamelegeza kidogo kwa vitu visivyobadilishwa kirahisi. Lori lenye namba ya chasisi ni vigumu kuligeuza. Robota la kitenge linafanana na robota lingine, na wakili wa mshtakiwa atauliza hilo swali la kwanza.

Maabara hazitaziba pengo hilo. Kenya ilizindua maabara yake ya taifa ya uchunguzi wa kisayansi wa jinai, barabara ya Kiambu, mwezi Juni 2022. Kigali wanayo taasisi yao, Kampala wanayo maabara ya serikali Wandegeya, na Tanzania ina Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Zote husoma kile tu kilicholetwa ndani ya bahasha.

Sehemu ya mwenye mali

Mfanyabiashara hatakiwi kuwa mpelelezi. Anatakiwa asiingie, na asiruhusu wengine waingie. Simama mlangoni, piga simu kituoni, andika saa uliyofika na majina ya waliokutangulia. Kama umegusa kitu, sema ukweli. Alama ya kidole chako si aibu, ila ikifichwa itapoteza siku za watu. Ukitaka kupiga picha kwa simu, piga ukiwa nje, kitu kikiwa palepale kilipo.

Dai namba ya taarifa yako: RB ukiwa Tanzania, OB ukiwa Kenya, SD ukiwa Uganda. Ukiifuatilia kesi upande wa pili, namba hiyo ndiyo kamba ya kuishika. Kielelezo kikichukuliwa Tanzania, sheria inamtaka ofisa atoe stakabadhi ya alichokamata, yenye sahihi za mwenye eneo na mashahidi. Isome kabla ya kusaini, na uhakikishe imeandikwa marobota mangapi, ya rangi gani na yenye alama gani.

Na sehemu kubwa ya ushahidi wako hutengenezwa kabla mwizi hajaja. Piga picha mzigo siku unapopokelewa. Weka alama yako kwenye kila robota, mahali unapopajua wewe. Tunza ankara na hati za forodha nje ya stoo, kwa sababu zikiibwa na mzigo utabaki unaapa tu.

Mvua ikitishia kabla polisi hawajafika, na kuna unyayo wazi uani, usiukanyage wala usiupime kwa kiatu chako. Chukua beseni, lifunike juu yake bila kuugusa, weka jiwe juu ya beseni, na mwambie mtu mmoja mzima alinde asije mtoto akalifunua. Ukiokoka na mvua, wapelelezi wanaweza kuumwagia plasta na kutoa nakala ya soli nzima, pamoja na ule mkato mdogo wa kisigino usiopatikana kwenye kiatu kingine chochote.