Si Mchezo wa Bure

Nani asiyewaona watoto wakicheza uani? Mmoja ni mama, mwingine mgonjwa, wa tatu mganga mwenye kijiti mkononi badala ya sindano. Sisi wakubwa twacheka, tukidhani ni upuuzi. Lakini leo twataka kuwaonyesha kwamba mchezo wa namna hiyohiyo hutumika kuwafundisha wauguzi na wakunga, tena kwa faida kubwa.

Darasani mwalimu hujifunga kiunoni tumbo la kitambaa. Ndani yake mna mwanasesere mfano wa mtoto mchanga, mfano wa kondo la nyuma, na mfuko wa maji mekundu kama damu. Yeye ndiye "mama". Huugua, huuliza maswali, hushikwa na hofu. Kisha kwa mkono uliofichika humsukuma mtoto atoke, au hufungulia damu nyingi kwa ghafula. Mwanafunzi ndiye mkunga. Yampasa kutenda yote kama mbele ya mzazi wa kweli: kusema naye kwa upole, kumpokea mtoto, kumkausha, kutazama kama apumua. Mchezo ukiisha, wote huketi pamoja. "Mama" hueleza aliposaidiwa vema na alipoachwa bila neno la kumtuliza. Mwanafunzi naye hukiri alipokosea.

Kwa nini taabu hii yote? Kwa sababu mtoto asiyevuta pumzi hangoji mtu afungue kitabu. Kabla dakika ya kwanza haijaisha, yapasa awe anapumua mwenyewe, ama awe ameanza kupulizwa hewa kwa mfuko wenye kifuniko cha pua na kinywa. Mikono isiyozoea hutetemeka, na dakika hupita.

Je, mchezo wa siku moja watosha? Jibu lilipatikana Haydom, kaskazini mwa Tanzania, katika hospitali ya Walutheri. Mwaka 2010 wauguzi na wakunga wa huko walifundishwa kwa siku moja. Miezi saba baadaye, walipojaribiwa kwa mwanasesere, walitenda vema kuliko kwanza. Lakini penye watoto wenyewe kazi yao haikubadilika. Hata hivyo hawakukata tamaa. Tangu mwaka 2011 walijizoeza mahali pao pa kazi, dakika chache tu, lakini mara kwa mara. Hapo matunda yakaonekana. Zamani, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, kama 11 walikufa katika saa 24 za kwanza. Baadaye wakawa kama 7.

Ndiyo maana wazee husema: haba na haba hujaza kibaba. Elimu ya siku moja hukaa kichwani. Elimu inayorudiwa hushuka mpaka mikononi.

Basi ninyi wanafunzi mnaotamani kazi ya uuguzi, msione haya kulala kitandani na kujifanya mgonjwa, wala msiogope kukosea mbele ya wenzenu. Kosa lililotendwa juu ya mwanasesere halimlizi mama yeyote. Nasi wazazi, tukisikia vicheko katika darasa la wauguzi, tusiseme kwamba wanapoteza wakati. Pengine mkono unaojizoeza leo ndio utakaompokea mjukuu wetu kesho.