Miligramu za Mwisho

Ukigeuza macho ghafla kutazama pembeni, kitu kinakupita kichwani kama shoti ya umeme. Ni sekunde moja, pengine haifiki, kisha kimekwisha. Hakiumi hasa, kinashtua, kinakuyumbisha, na ukigeuza macho upande wa pili kinarudi. Wengine husikia na mvumo masikioni. Hakionekani kwenye kipimo cha damu wala kwenye picha ya ubongo, na asiyejua kinatoka wapi huamini ameanza kifafa au anarukwa na akili. Mara nyingi chanzo chake ni kidonge cha sonona alichoacha kumeza siku mbili tatu zilizopita.

Dawa za sonona hutolewa kwa mambo mengi kuliko jina lake: sonona yenyewe, hofu na wasiwasi usiokwisha, kipandauso, maumivu ya neva kwa wenye kisukari. Anayeziacha ghafla baada ya miezi au miaka anaweza kupata, mbali na hizo shoti, kizunguzungu, kichefuchefu, jasho, mwili kuuma kama wa mtu mwenye mafua, usingizi wa kukatika na ndoto kali mno, machozi yasiyo na sababu, hasira za karibu. Kwa mkazi wa Dar es Salaam au Kisumu, sehemu kubwa ya orodha hiyo inasomeka kama malaria. Atapima malaria na hataonekana nayo; atapima taifodi, na huenda akaambiwa anayo; ataanzishiwa antibiotiki. Swali la kama kuna dawa aliyoiacha karibuni linaweza lisiulizwe kabisa.

Dawa ikishatajwa, nyumbani huzuka maneno mengine: si tulikwambia, umeshakuwa teja, hiyo ni arosto. Hapana. Teja huwinda stimu, huongeza kipimo kila stimu inapopungua, na hela ya chakula huishia maskani. Fluoxetine, mojawapo ya dawa hizi za sonona, haina stimu, na hakuna anayeichuuza vichochoroni. Ila madaktari nao waliteleza upande wao kwa miaka mingi, walipowatuliza wagonjwa kwamba dawa isiyoleta uraibu huachika bila taabu. Mwili huzoea vitu vingi usivyovitamani. Anayeacha ghafla propranolol, dawa ya presha na mapigo ya moyo, naye anaweza kupata moyo kwenda mbio, wala hakuna anayemwita teja.

Kinachozoeleka ni hiki. Seli za neva huzungumza kwa kurushiana kemikali, mojawapo ikiwa serotonini. Ikishafikisha ujumbe, serotonini hurudishwa kwenye seli iliyoitoa na protini maalumu, tuziite wabebaji. Dawa kama citalopram, sertraline, paroxetine na fluoxetine huwazuia wabebaji hao, serotonini ikakaa muda mrefu zaidi kati ya seli na seli. Ubongo nao hujirekebisha: kwa wiki na miezi, vipokezi vinavyosikiliza ujumbe hupunguza usikivu wake, kwa kuwa sauti imekuwa kubwa. Siku dawa inapotoweka, wabebaji hurudi kazini, serotonini hushuka, na vipokezi bado ni vizito vya kusikia. Haya ndiyo maelezo yanayokubalika zaidi ya kile mgonjwa anachokisikia mwilini, na ubongo kujirekebisha upya huchukua wiki, kwa wengine miezi. Takriban asilimia 90 ya serotonini ya mwili iko tumboni, si kichwani, kwa hiyo tumbo kuvurugika si ajabu. Amitriptyline, dawa ya zamani na ya bei nafuu inayotumika sana Afrika Mashariki, huzuia na kemikali nyingine, asetilikolini. Aliyeiacha ghafla anaweza kutoka jasho, kuhara na kutapika zaidi ya wenzake.

Jambo lenyewe si geni. Daktari wa Uswisi Roland Kuhn alitangaza matokeo ya imipramine, babu wa amitriptyline, mwaka 1957. Kufikia 1959 madaktari walikuwa wameshaandika kuhusu wagonjwa waliougua walipoachishwa. Kisha habari hiyo ikalala kwa muda mrefu, na iliyoiamsha, kwa sehemu, ni biashara. Kampuni ya Eli Lilly ilipata kibali cha kuuza fluoxetine Marekani mwishoni mwa 1987, na baada ya miaka michache washindani wakafurika sokoni. Mwaka 1998 ulichapishwa utafiti uliofadhiliwa na Eli Lilly hao hao: wagonjwa 242 waliokuwa wamepata nafuu walibadilishiwa dawa kwa vidonge bandia, visivyo na dawa ndani, kwa siku 5 hadi 8, bila kujua ni siku zipi. Waliokuwa wakitumia paroxetine walitaabika zaidi, wa sertraline wakafuatia, na wa fluoxetine karibu hawakushtuka. Unaweza kucheka jinsi swali lilivyochaguliwa. Jibu, hata hivyo, limesimama mpaka leo, na sababu yake ni hesabu tu. Mwili huondoa nusu ya paroxetine kwa takriban siku moja, na nusu ya venlafaxine, dawa nyingine ya sonona, kwa saa 5 hivi. Fluoxetine na kemikali inayozaliwa nayo mwilini hukaa siku nyingi, hata wiki, kwa hiyo hujipunguza yenyewe polepole. Dalili zake, zikija, huja zikiwa zimechelewa, na mgonjwa hazihusishi tena na dawa.

Ni wangapi wanaopatwa? Hapa wataalamu wamegombana hadharani. Uchambuzi wa James Davies na John Read uliochapishwa 2019 ulikadiria asilimia 56, na karibu nusu ya hao wakieleza kwamba hali ilikuwa mbaya sana. Lakini sehemu ya takwimu zake ilitokana na dodoso za mtandaoni, ambako aliyeumia ndiye mwenye hamu ya kujibu. Mwaka 2024 jarida la Lancet Psychiatry lilitoa uchambuzi mkubwa zaidi: asilimia 31 ya walioacha dawa walipata dalili, na asilimia 17 ya walioacha vidonge bandia nao walizipata. Dalili kali ziliwapata watu kama 3 katika kila 100. Wakosoaji wakajibu, na nadhani wana hoja, kwamba tafiti nyingi zilizokusanywa humo zilihusu watu waliotumia dawa kwa wiki au miezi michache tu, ilhali mitaani wapo waliozitumia miaka kumi. Ukweli wa mgonjwa mmoja haupatikani kwenye wastani wowote kati ya hizo. Unategemea dawa ipi, ametumia kwa muda gani, na ameiacha vipi.

Hilo la tatu ndilo tunaloweza kulishika mkononi, na kwangu ndilo lenye sayansi nzuri kuliko yote. Kwa miaka mingi ushauri ulikuwa mwepesi: punguza kwa wiki nne, kata nusu, kata nusu tena, acha. Wapo waliofanya hivyo bila tatizo. Wengine walishuka kutoka miligramu 40 hadi 20 vizuri, wakafika 10 kwa tabu kidogo, na walipoacha kile kipande cha mwisho kilichoonekana si kitu, wakalala kitandani. Waliambiwa ni ugonjwa umerudi.

Mark Horowitz, daktari kutoka Australia aliyesomea uzamivu King's College London, amesimulia hadharani jinsi yeye mwenyewe alivyoteseka akijaribu kuacha escitalopram. Mwaka 2019 yeye na David Taylor walichapisha makala iliyorejea picha za ubongo zinazopima ni wabebaji wangapi wa serotonini wanazuiwa kwa kila kipimo cha dawa. Kwa citalopram, miligramu 40 huzuia kama asilimia 86. Miligramu 20, yaani nusu yake, huzuia asilimia 80. Miligramu 9 bado ni asilimia 70. Kushuka hadi asilimia 40 kunahitaji miligramu 2.3 tu, na chini ya miligramu moja bado wabebaji asilimia 20 wamezuiwa.

Fikiria daladala ya saa moja asubuhi: viti vimejaa, na wengine arobaini wamesimama wameshika vyuma. Wakishuka ishirini, hakuna kiti kilichobaki wazi. Wakishuka ishirini wengine, viti bado vimejaa. Ni pale wanapoanza kushuka waliokaa ndipo kila abiria anayeondoka anaacha pengo. Kushuka kutoka 40 hadi 20 ni kuwashusha waliosimama. Kutoka 5 hadi sifuri ni kuwashusha waliokaa.

Kwa hiyo hatua zinazoonekana sawa kwenye kidonge si sawa kwenye ubongo. Anayetaka ubongo ushuke ngazi zinazolingana inambidi apunguze sehemu ya kipimo alichonacho sasa, si kiasi kile kile kila mara, na sehemu hiyo iwe ndogo zaidi kadiri anavyokaribia chini. Uingereza ilibadili miongozo yake: mwaka 2019 ilikiri kwamba dalili zinaweza kuwa kali na za muda mrefu, na mwongozo wa 2022 wa NICE, taasisi ya huko ya miongozo ya tiba, unatoa mfano wa kupunguza nusu mwanzoni, kisha robo kipimo kinapokuwa kidogo, na kutosogea hatua inayofuata mpaka ya sasa imetulia. Majaribio makubwa ya kuulinganisha mtindo huu na ule wa wiki nne bado ni machache. Mimi ningeufuata hata hivyo, maana gharama yake ni subira tu.

Subira na vipimo, ambavyo ndivyo vinavyokwamisha. Uholanzi kuna pakiti maalumu zenye vidonge vinavyopungua siku hadi siku. Uingereza citalopram na fluoxetine zinapatikana za maji, zinapimika kidogo kidogo. Kwenye duka la dawa la kawaida hapa kwetu kuna kapsuli ya fluoxetine ya miligramu 20 na kidonge cha amitriptyline cha 25, basi. Amitriptyline ya kawaida hukatika, na mfamasia mzuri anajua kama ipo ya 10. Fluoxetine, kwa kuwa hukaa sana mwilini, daktari anaweza kukupangia siku moja unywe, siku moja uruke. Ujanja huo usiuhamishie kwenye paroxetine: baada ya saa 48 imebaki robo yake tu, na utakuwa unauzindua na kuuangusha ubongo kila baada ya siku moja. Wala usisage kidonge au kutafuna kapsuli iliyotengenezwa kutoa dawa polepole, kama venlafaxine nyingi zilivyo. Dozi ya siku nzima itaingia kwa mkupuo.

Yupo pia ambaye hapaswi kuacha sasa. Katika jaribio lililofanyika Uingereza na kuchapishwa 2021, watu 478 waliotumia dawa kwa muda mrefu na kujisikia wazima waligawanywa: wengine wakaendelea, wengine wakaachishwa kwa hatua bila kujua. Ndani ya mwaka, sonona iliwarudia asilimia 56 ya walioachishwa na asilimia 39 ya walioendelea. Sehemu ya hiyo 56 huenda ilikuwa ni dalili za kuacha dawa zilizohesabiwa kama ugonjwa, lakini si yote. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu akae miezi 9 hadi 12 bila dalili kabla ya kufikiria kuacha.

Kutofautisha dalili za kuacha na sonona iliyorudi kunawezekana. Dalili za kuacha, ukiondoa zile za fluoxetine zinazochelewa, huja ndani ya siku chache na huleta mambo ambayo sonona haikuwahi kukuletea: shoti, kizunguzungu, ndoto za ajabu. Mtu akirudishiwa dozi, mara nyingi hutulia ndani ya siku mbili tatu. Sonona hurudi taratibu, kwa wiki, na sura ile ile uliyoizoea, na dawa huchukua wiki kuituliza tena. Daftari dogo la kuandika tarehe, dozi na ulivyoamka litamsaidia daktari kuliko kumbukumbu.

Ukishaanza kuyumba, rudi kwenye dozi ya mwisho iliyokuwa nzuri na umpigie aliyekuandikia. Hilo si kushindwa. Usiendeshe bodaboda wakati kichwa kinazunguka. Pombe iache, maana huvuruga usingizi ambao tayari umevurugika. Mwambie mtu mmoja ndani ya nyumba unachokifanya, ili akiona umebadilika ajue pa kuanzia. Na yakija mawazo ya kujidhuru, usisubiri tarehe ya kliniki: nenda hospitali siku hiyo hiyo, na mtu akusindikize.

Wengi katika ukanda huu hawajaamua kuacha. Wameachishwa: kituo cha afya hakina dawa mwezi huu, hela imekwenda kwenye ada, mchungaji amesema imani inatosha, au Ramadhani imeingia na mtu ameona vidonge na saumu haviendi pamoja. La mwisho lina dawa rahisi, kwani nyingi kati ya hizi humezwa mara moja kwa siku, na daktari anaweza kuzihamishia baada ya futari. Ya kuishiwa yanahitaji kujua unatumia nini. Wa fluoxetine akikosa wiki moja ana nafasi ya kuhangaika na kuipata. Wa venlafaxine akilala bila dozi, kesho yake anaweza kuamka anayumba, kwa hiyo pakiti ikibaki na vidonge vya wiki moja ndipo aende dukani, asisubiri cha mwisho.