Usiache mkweche kwa gari la mkopo

Kipya kinyemi ingawa kidonda, walinena wahenga, na iwapo msemo huu umepata wafuasi wengi mahali popote siku hizi, basi ni miongoni mwetu sisi walimu. Ajira ya kudumu ikishapatikana tu, wazo la kwanza linalomjia kijana aliyehitimu si shamba wala nyumba, bali gari. Tena gari lililoteremshwa melini Mombasa juzi. Chama cha akiba na mikopo kinaombwa, wadhamini wanatafutwa katika chumba cha walimu, na kabla ya muhula kwisha mwalimu amejifunga kwa miaka minne.

Mimi naishi Kariokor, na gari langu ni Toyota Corolla DX iliyosajiliwa kabla mfululizo wa KAA haujaanza. Vijana wa mtaani huliita mkweche. Sijaona sababu ya kuliuza, na nimeonelea leo niwafafanulie wasomaji hesabu yangu, hasa wanafunzi wa vyuo vya ualimu ambao bado hawajatia saini popote.

Mtaa wetu ulipata jina lake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza. Yamkini ndiyo sababu wenyeji hawadharau kitu ambacho bado chaweza kubeba mzigo. Katika soko la Kariokor, tairi lililomaliza kazi yake barabarani hukatwa likawa akala, na akala hizo huvaliwa miaka mingi. Tena kutoka hapo ni mwendo mfupi tu kwa miguu hadi Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi wetu tungali tunaiita Grogan, kwenye maduka ya vipuri na mafundi wa kila aina.

Tuchukue mfano, kama tufanyavyo darasani. Gari la shilingi 1,200,000 linanunuliwa kwa mkopo wa miezi 48, riba ikiwa asilimia moja kwa mwezi kwa salio lililobaki. Kila mwezi mkopaji anarudisha shilingi 25,000 za mkopo wenyewe, na mwezi wa kwanza anaongeza riba ya shilingi 12,000. Riba hupungua polepole, lakini ukiijumlisha hadi mwisho inafika 294,000. Sasa tuseme gari hilo linapoteza asilimia 15 ya thamani yake kila mwaka. Baada ya miaka minne litauzwa kwa takriban 626,000. Thamani iliyoyeyuka ni 574,000. Ongeza riba, na mwalimu amepoteza 868,000, yaani kama 18,000 kila mwezi, kabla hajatia hata lita moja ya petroli. Mkweche wa shilingi 250,000, ukishuka kwa kiwango kicho hicho, unapoteza kama 120,000. Hata fundi akikutoza 8,000 kila mwezi kwa miezi yote 48, bado umebakiwa na 364,000 mkononi. Nami sijalitoza gari jipya hata senti moja ya fundi.

Nasema jipya, lakini aghalabu jipya lenyewe ni mtumba. Kanuni za Kenya zinaruhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika yasiyozidi umri wa miaka minane. Mjapani amekwisha kulifaidi; sisi tunalipia bei yake, ushuru wa forodha na kodi nyinginezo, kisha tunaliita jipya.

Hapa msomaji atauliza: je, petroli? Swali ni la haki, maana mkweche hunywa. Tuseme wangu unakwenda kilomita 9 kwa lita, na gari la mkopo kilomita 14. Kwa anayesafiri kilomita 500 kwa mwezi, kama mimi, tofauti ni lita 20. Bei ikiwa shilingi 180, ni kama 3,600, na mkweche ungali unashinda. Lakini anayelala Kariokor na kufundisha Thika hukaribia kilomita 2,000 kwa mwezi. Yeye atateketeza lita 79 zaidi, yaani zaidi ya shilingi 14,000, na akiba yote imekwisha. Isitoshe, ndani ya kila lita mna ushuru wa kutengeneza barabara, uliopandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 mnamo Julai 2024. Mwalimu huyo simshauri ashikilie mkweche. Ningemshauri apande matatu, ila najua hatanisikiliza.

Kuhusu bima, sheria inalazimisha ile ya kuwakinga watu wengine tu. Mwenye gari la milioni hana raha bila bima kamili, na ada yake hupimwa kwa bei ya gari. Serikali nayo imewahi kutamani kipimo hicho: Mswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, isiyopungua shilingi 5,000 wala kuzidi 100,000. Pendekezo liliondolewa Juni mwaka huo, na mswada wenyewe ukakataliwa kufuatia maandamano. Lingepita, gari letu la mfano lingedaiwa 30,000 na mkweche 6,250.

Pana jambo moja ambalo hesabu haliwezi kulifidia. Injini yenye kabureta hufunguliwa na fundi yeyote mwenye spana na akili timamu, lakini chesisi iliyoliwa na kutu haina fundi. Kila Desemba, shule zikifungwa, mimi huliinua gari na kulikagua chini, kuanzia chesisi, mabomba ya breki hadi usukani. Vipuri vya breki sinunui vya bei ya kutupa, kwa kuwa vipuri bandia vimejaa nchini. Siku chesisi itakapotoboka, nitaliuza kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na matairi yake nitayapeleka sokoni kwa washona akala.