Utangulizi: Kabla ya Kuchora

Huenda umefungua kitabu hiki kwa sababu una kifaa kichwani, pengine pampu ya maji, pengine mashine ya kukamua alizeti. Usikifunge kwa kuona kurasa hizi za mwanzo hazina mchoro wala hesabu ya nguvu. Nimefundisha uhandisi miaka mingi, na wanafunzi hunijia na michoro iliyokwisha, vipimo vyote vimeandikwa, ndipo wanauliza: Mwalimu, sasa soko nalitafutaje? Na hawa watu wa viwango wanataka nini? Maswali ni mazuri, ila yamekuja mwisho ilhali majibu yake ndiyo yanayoamua unene wa bati, upana wa kitako na aina ya msumari. Kwangu mimi, kuchunguza kiwanda, soko na kanuni ni uhandisi kamili, na ndipo kazi inapoanzia.

Mfano nitakaourudia mara kwa mara ni jiko la mkaa, kwa sababu wengi wetu tumekulia kando yake. Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa Nairobi kuhusu vyanzo vipya vya nishati na vile visivyokwisha. Miaka iliyofuata, shirika la KENGO na wabunifu kama Maxwell Kinyanjui walishirikiana na mafundi kutengeneza jiko ambalo leo linajulikana kama Kenya Ceramic Jiko. Mbegu ya wazo ilitoka Thailand, kwenye jiko lenye umbo la ndoo: nje bati, ndani udongo uliochomwa. Ingekuwa rahisi kulinakili jinsi lilivyo. Lakini lile la Thailand lilijaa udongo toka juu hadi chini, na uzito wake ulikuwa mzigo. Hapa udongo ukabakizwa juu tu, kwenye moto, na chini pakaachwa bati tupu. Jiko likapata kiuno chembamba na kitako kipana. Kitako hicho kina kazi: anayesonga ugali husukuma mwiko kwa nguvu za mabega, na jiko linaloyumba humwaga sufuria. Hesabu ya joto peke yake isingemwonyesha mbunifu jambo hilo. Huonwa na aliyekaa jikoni akatazama watu wakipika.

Sasa simama karibu na fundi wa jua kali kule Gikomba. Anachukua bati la pipa kuukuu, analinyoosha kwa nyundo, analilaza chini. Tepu ya kupimia hana haja nayo. Ana kigezo cha bati alichokikata siku nyingi, anakizungushia msumari, anakata, kisha anakunja mishono na kuigonga mpaka inashikana bila kuchomelewa. Kazi yote inakwenda bila umeme. Udongo nao unafinyangwa mahali pengine, na watu wengine kabisa. Hukaushwa, huingia tanuri, na ukitoka umesinyaa. Mfinyanzi akibadilisha mchanganyiko wake, kikombe cha udongo hakiingii tena kwenye bati la fundi, au kinaingia kikicheza na kupasuka mwezi wa kwanza. Kwa hiyo jiko hili moja linategemea kazi za aina mbili zenye wenyewe mbalimbali, na kinachoziunganisha ni kipimo kimoja cha kipenyo. Anayechunguza kiwanda anatafuta mambo kama hayo: nani ana chombo gani mkononi, malighafi inatoka wapi, na makosa ya mmoja yanamfikia mwingine kwa njia gani.

Kuhusu soko, nitakuomba uzoee kupima kwa kipimo cha mnunuzi. Ukimwambia mama wa Manzese kwamba jiko lako linaokoa asilimia 33 ya mkaa, atakusikiliza kwa heshima na kuendelea na shughuli zake. Yeye hununua mkaa kwa kopo au kwa sado, kadiri fedha ya siku ilivyo. Mwambie sado iliyokuwa ikiisha kwa siku mbili sasa itafika tatu. Hapo atauliza bei, na swali lake la pili litakuwa: likipasuka, napata wapi udongo wa kubadilisha? Andika maswali yote mawili kama yalivyosemwa. Takwimu za serikali zitakusaidia kujua ukubwa wa soko, kwani sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliuliza kila kaya inapikia nini. Zisome, kisha rudi kwa muuza mkaa.

Jiko hili halikufungiwa kwa hataza. Fundi yeyote aliweza kulitengeneza, na ndivyo lilivyovuka mipaka hadi Tanzania, Uganda na Rwanda, likibadilika kidogo kila lilipofika. Naona uamuzi huo ulikuwa sahihi, kwa sababu ushindani ulishusha bei. Lakini palitokea pia majiko ya udongo mwembamba usioiva, na mtu aliyepasukiwa na jiko lake la kwanza hurudi kwenye lile la bati tupu na kuwaonya majirani.

Hapo ndipo kanuni zinapoingia, na nakusihi usizione kama kizuizi mlangoni. Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, lilianzishwa mwaka 1974, na TBS ya Tanzania kwa sheria ya mwaka 1975. Rasimu ya kiwango hutolewa kwa umma ili utoe maoni kabla ya kupitishwa, na mwanafunzi ana haki ya kuyatoa. Ukisoma kiwango cha bidhaa inayofanana na yako utajua itapimwa vipi, na mara nyingi utajua pia ni kasoro zipi zilizowasumbua wanunuzi kabla yako. Ukitaka kuvuka mpaka, tafuta namba ya bidhaa yako forodhani mapema. Majiko ya chuma yasiyotumia umeme yamo katika fungu la 7321. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki una viwango vinne tangu 2022, yaani asilimia 0, 10, 25 na 35, na pengo kati ya malighafi na bidhaa iliyokamilika linaweza kuamua kama utaunganisha kifaa hapa au utakiagiza kizima.

Sera pia huhamisha soko lenyewe. Mwaka 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034. Anayebuni jiko la mkaa leo lazima ausome mkakati huo kabla ya kununua bati, maana miaka kumi ndiyo umri wa kiwanda chake kidogo.

Sura ya kwanza inaanza na jiko kuukuu. Litafute mtaani, liwe limetumika hasa, lenye masizi na ufa. Toa udongo wake taratibu kwa bisibisi, pima unene sehemu tatu, angalia mshono umekunjwa mara ngapi, na umuulize aliyekuuzia alilinunua wapi na kwa nini analiacha. Njoo na majibu yake.