Nyuzi Sifuri London: Jiji Linavyojiandaa kwa Wanaolala Nje

Katika jiji la London, suala la nani atalala ndani na nani atabaki kwenye kibaraza cha duka huamuliwa mara nyingine na tarakimu moja tu. Utabiri wa hali ya hewa unapoonesha kuwa usiku joto litashuka hadi nyuzi 0 za Selsiasi au chini yake, katika sehemu yoyote ya jiji, Meya hutangaza mpango wa dharura. Hapo halmashauri zote 32, pamoja na ile ya mji wa kale wa City, hutarajiwa kufungua nafasi za kulala usiku huohuo.

Nafasi hizo si majumba yaliyojengwa kungojea baridi. Ni vyumba vilivyo wazi katika hosteli, magodoro yanayotandikwa kwenye kumbi, na vyumba vya hoteli vinavyolipiwa na halmashauri. Halmashauri ikijaza nafasi zake, ofisi ya Meya huwa na vitanda vya akiba. Wahudumu huzunguka mitaani wakimweleza kila wanayemkuta nje kuwa pana mahali pa kwenda.

Hata hivyo, hakuna sheria inayoilazimisha halmashauri kufanya hayo. Sheria ya mwaka 1977 iliweka wajibu wa kuwapatia makazi wenye watoto, wajawazito na wanaohesabiwa kuwa dhaifu. Mtu mzima asiye na familia, mwenye afya yake, hakupata haki hiyo. Katika mwaka wa 2024/25 wahudumu waliwaona watu 13,231 wakilala nje London, walau kwa usiku mmoja.

Swali zito ni la asubuhi. Jana ilikuwa nyuzi 0, leo ni 3. Je, aliyelala kwenye godoro arudishwe barabarani? London ina kanuni inayojibu: aliyeingia ndani asitolewe mpaka apatiwe mpango wa kumwondoa mitaani moja kwa moja. Kwa maoni yetu hii ndiyo roho ya mpango wote, maana bila hiyo jiji huwa linamwokoa mtu yuleyule kila wiki. Lakini kanuni hii ina gharama, kwa kuwa kila anayebaki hushikilia kitanda ambacho mwingine atakihitaji baridi ikirejea.

Kwamba jambo kubwa zaidi linawezekana lilidhihirika mwaka 2020. Kabla ya hapo, majira ya baridi, kumbi za makanisa zilikuwa zikipokezana wageni, leo ukumbi huu na kesho ule. Korona ilipoingia haikuwezekana tena kuwalaza watu wengi chumba kimoja. Machi 26 Serikali ilizitaka halmashauri kumwingiza ndani kila mtu kabla ya mwisho wa wiki, na hoteli zilizokosa watalii zikajazwa. Hata wahamiaji ambao vibali vyao haviwaruhusu kupokea misaada ya Serikali walipewa vyumba. Watafiti walikadiria baadaye kuwa hatua hizo ziliepusha vifo 266 nchini England katika wimbi la kwanza la maradhi hayo.

Katika siku za kawaida, ili usaidiwe sharti uonekane. Msomaji mwenye ndugu London anaweza kumjulisha kuwa ipo huduma iitwayo StreetLink, ambapo raia yeyote hueleza mahali alipomwona mtu amelala nje na alama za kumtambua. Wahudumu humfuata hapo usiku wa manane, wakati amekwisha kujilaza.

Wanawake wengi hawapatikani kwa njia hiyo. Kwa kuhofia kudhuriwa hawajilazi popote. Hupanda mabasi ya usiku, hukaa kwenye vyumba vya kungojea hospitalini, au hutembea mpaka kunapambazuka. Kuanzia 2022 mashirika ya London yamekuwa na hesabu yao maalumu: badala ya kuwatafuta vibarazani, huwauliza wanawake wenyewe usiku wao waliupitisha wapi.