Pamba tunayo, nguo za ndani za raha bado tunaagiza

Dereva wa bodaboda mjini Mombasa, Dar es Salaam au Bujumbura hukaa juu ya kiti cha ngozi bandia tangu asubuhi hadi jioni. Mama lishe husimama mbele ya jiko mchana kutwa. Wote wawili wanatoka jasho, na nguo inayoamua kama watamaliza siku kwa raha au kwa kujikuna ni ile isiyoonekana: chupi au boksa.

Masoko ya Afrika Mashariki yamejaa nguo hizo, nyingi zikiwa zimetoka nje, na muuzaji huzipanga kwa rangi, saizi na bei. Swali la jinsi kitambaa kinavyobeba jasho huulizwa kwa nadra, ingawa ndilo la kwanza kwa anayebuni nguo ya ndani.

Jasho linakwenda wapi?

Jasho hupoza mwili pale linapogeuka kuwa mvuke. Nairobi na Kigali, miji iliyo juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, hewa haina joto kali na jasho hukauka upesi. Pwani ni tofauti. Hewa yenyewe imeshiba unyevu, hivyo jasho hubaki mwilini au kwenye nguo, na ngozi iliyoloa ikisuguana na kitambaa huchubuka. Kinena chenye joto na unyevu ni mahali panapopendwa na fangasi.

Pamba hupenda maji. Katika hali ya kawaida ya maabara, nyuzijoto 20 na unyevu wa asilimia 65, hubeba unyevu wa takribani asilimia 8 ya uzito wake hata kabla haijaguswa na jasho. Poliesta hubeba chini ya asilimia 1. Ndiyo maana pamba huhisi laini na kavu mwanzoni. Lakini ikishalowa, nyuzi zake huvimba, kitambaa hung'ang'ania ngozi na huchelewa kukauka.

Poliesta haifyonzi maji ndani ya uzi. Ikifumwa vizuri, maji hupita kati ya nyuzi, husambaa upande wa nje na kukauka haraka. Kasoro yake ni harufu, kwa kuwa mafuta ya mwili hunata kwenye uzi wake na kufua kwa kawaida hakuyaondoi yote. Poliesta ya bei nafuu iliyofumwa kwa kubanana haipitishi hewa wala jasho, na mvaaji hujiona kama amefungwa mfuko wa plastiki.

Wabunifu wengi wa nguo za michezo hutumia tabaka mbili: la ndani lisilopenda maji, na la nje linaloyavuta na kuyatandaza. Kwa nguo ya kila siku, njia rahisi zaidi ni kitambaa chepesi cha pamba kilichochanganywa na kiasi kidogo cha laikra, ili kivutike na kurudi bila kubana.

Mshono na kamba ya nguo

Kitambaa kizuri huharibiwa na mshono mbaya. Mshono mnene ukipita kwenye mkunjo wa paja huchubua, hivyo fundi hodari huulaza au huusogeza mbali na hapo. Boksa inayofika katikati ya paja huzuia ngozi kusuguana na ngozi. Mpira wa kiunoni ukifunikwa kwa kitambaa hauachi alama. Chupi ya kike, hata ikiwa ya nailoni, huwekewa kipande cha pamba katikati ya miguu.

Lipo jambo ambalo mbunifu aliye mbali hawezi kulifahamu kwa urahisi. Katika nyumba nyingi za ukanda huu, nguo za ndani hazianikwi hadharani. Hufichwa chini ya khanga kwenye kamba, au hutundikwa chumbani pasipo jua. Chupi nene ya pamba ikianikwa hivyo huweza kuvaliwa asubuhi ikiwa bado na unyevu. Kwa mteja wa namna hii, kukauka haraka ni hitaji la afya, na kitambaa chembamba humfaa kuliko kizito kinachosifiwa kwa kudumu.

Kutoka shambani hadi dukani

Malighafi si tatizo. Pamba inalimwa Simiyu, Shinyanga na Mwanza nchini Tanzania, na pia Uganda, Kenya na Burundi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania husafirishwa nje ikiwa imechambuliwa tu, kisha hurudi ikiwa nguo.

Sera zimejaribu kuziba pengo hilo. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikasimamisha nafuu ya AGOA kwa nguo za Rwanda. Tangu Julai 2022, Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kiwango cha ushuru cha asilimia 35 kwa bidhaa kadhaa kutoka nje, zikiwamo nguo. Tanzania na Kenya zimezuia uingizaji wa nguo za ndani za mitumba kwa sababu za afya.

Ushuru na marufuku huondoa mpinzani sokoni. Havimfundishi mtu kulaza mshono. Nguo ya ndani inafaa kuwa mahali pa kuanzia kwa sababu hutumia kitambaa kidogo na hununuliwa tena na tena. Pamba ya nchi moja inaweza kusokotwa katika nchi ya pili, kushonwa katika ya tatu na kuuzwa kote bila ushuru wa ndani, mradi viwango vya ubora vifanane na vipime pia muda wa kitambaa kukauka.

Mnunuzi naye ana vipimo vyake. Tone la maji kwenye pamba iliyokwisha kufuliwa hunywewa upesi. Uzi wa pamba ukichomwa huacha majivu kama karatasi, wa poliesta huyeyuka na kuwa kidonge kigumu. Na kiwanda kitakachotaka fedha ya mnunuzi huyo kitalazimika kufaulu vipimo hivyo kwanza.